Tumbili aliyezima stima nchi nzima

Unaikumbuka Jumanne ya Juni 7, 2016? Tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma. Ilipozimika, mitambo mingine kituoni ililemewa na mzigo, nayo ikazimika. Megawati zaidi ya 180 zikapotea kwa ghafla, na Kenya nzima ikakosa stima kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili mwenyewe alinusurika!

Tulicheka sana. Lakini je, mgonjwa anayetegemea mashine ya kupumulia angecheka?

Kituo hicho kilikuwa na ua wa umeme wa kuwazuia wanyama, na bado mmoja alipenya. Funzo ni kwamba hakuna ua usiopenyeka. Kinga ya pili ni akiba. Hospitali iwe na jenereta inayojaribiwa kila mara, si pambo la kufunikwa turubai. Nawe nyumbani weka tochi, redio ya betri na mitungi ya maji, kwani stima ikipotea, pampu ya ploti nayo husimama.

Tahadhari kabla ya hatari. Betri za tochi yako ulizikagua lini?