Ramani ya Mkoloni na Ardhi ya Wameru

Wapo wanaodai kwamba mpaka ukishachorwa katika ramani, mjadala juu ya ardhi umekwisha. Sisi twalikataa dai hilo.

Mwaka 1895 serikali ya Kijerumani iliamuru kuwa ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Kisha ikawagawia walowezi mashamba kuuzunguka Mlima Meru. Je, ni nani aliyeamua kwamba ardhi ile haina mwenyewe? Ni yuleyule aliyeshika kalamu! Huko Engare Nanyuki, malisho ya Wameru yakageuzwa namba tupu: shamba la 31, shamba la 328. Mwaka 1951 Waingereza, wakitaka kuwaunganishia walowezi eneo lao, waliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 na kuzichoma nyumba zao. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika Umoja wa Mataifa kudai haki ya watu hao.

Hatusemi ramani hizo zitupwe. La! Zitafutwe katika hifadhi za nyaraka za Dar es Salaam na Berlin, zitiwe katika kompyuta, zilinganishwe na ramani za leo. Lakini kila mstari tuuhoji: ulichorwa na nani, kwa manufaa ya nani? Walimu wawapeleke wanafunzi kwa wazee, wayaandike juu ya ramani majina ya mito, malisho na makaburi ambayo mkoloni hakuyaandika. Tusipofanya hivyo, tutakuwa tumeithibitisha wenyewe amri ya 1895.