Kigogo ni mtihani, Echoes of War ni vitoa machozi: Kwa nini?

Kama ulisomea sekondari hapa Kenya miaka michache iliyopita, bila shaka ulifanya Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea. Unamkumbuka Majoka, yule mtawala wa Sagamoyo aliyefunga soko la Chapakazi na kuwatumia polisi dhidi ya raia wake. Unamkumbuka Tunu. Uliandika insha za alama 20 ukichambua udhalimu wa Majoka, na hakuna aliyekuita mchochezi. Ulisahihishiwa, ukapewa alama zako, maisha yakaendelea.

Sasa linganisha na yaliyotokea Nakuru mnamo Aprili 10, 2025. Wasichana wa Butere walifika kwenye tamasha za kitaifa za drama wakiwa na mchezo wao, Echoes of War, ulioandikwa na aliyekuwa seneta wa Kakamega, Cleophas Malala. Ni hadithi ya nchi ya kubuni iliyotoka vitani, ambako vijana wanavutana na wazee kuhusu uongozi. Mahakama Kuu ilikuwa imeagiza waruhusiwe kuigiza. Lakini Malala alikuwa ameshakamatwa, na ukumbini hapakuwa na hadhira. Wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakatoka, wakakataa kuigiza. Nje, polisi walirusha vitoa machozi.

Kwa hivyo swali ni hili: kama uongozi mbaya na ghasia ni mada nzito mno kwa mwanafunzi, mbona tulitahiniwa nazo?

Jibu langu ni kwamba tatizo halijawahi kuwa mada. Tatizo ni nani anasema, kwa lugha gani, na mbele ya nani.

Historia yetu inaonyesha hivyo. Mwaka 1977 Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alitoa kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa riwaya ya Kiingereza, Petals of Blood. Ndani kuna mauaji, moto, ufisadi na matajiri wanaonyonya maskini. Kitabu kilizinduliwa na waziri wa serikali, Mwai Kibaki. Ya pili ilikuwa mchezo wa Ngaahika Ndeenda, alioandika na Ngugi wa Mirii kwa Kikuyu, ukaigizwa na wakulima na wafanyakazi kijijini Kamiriithu, Limuru. Huo ulipigwa marufuku mwaka huo huo, na kufikia mwisho wa Desemba Ngugi alikuwa kizuizini bila kesi. Mwandishi ni yule yule, hasira ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mara ya pili, watu wanaosimuliwa walipanda jukwaani wakajisimulia wenyewe, na majirani zao wakaelewa kila neno.

Kitabu unakisoma peke yako kitandani. Mchezo unautazama ukiwa na umati, na mnapocheka pamoja mnagundua kuwa si wewe tu uliyeona. Hapo ndipo wakubwa huanza kutoa jasho.

Wapo wanaosema Malala ni mwanasiasa na aliwatumia watoto wa wenyewe. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mzazi yeyote angeuliza. Lakini kama shida ni mwandishi, mjadili mwandishi. Kama shida ni mchezo, majaji wa tamasha wapo, waunyime alama. Kuwaacha wasichana wa shule ndio wavute gesi hakumlindi mtoto yeyote.

Sheria nayo haijaacha milango wazi tu. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa, kisha kinataja kisicholindwa: propaganda ya vita, uchochezi wa vurugu, matamshi ya chuki. Hakuna mahali kinaposema hadithi isiwe ya kuhuzunisha, wala isimkere kiongozi.

Sasa wewe unayeandika. Najua mko wengi, na najua mnaandika nini, kwa sababu giza la kizazi hiki linajulikana: wenzetu waliopigwa risasi kwenye maandamano ya Juni 2024, wanawake wanaouawa hadi tukajaa barabarani Januari mwaka huo. Andika. Ila uhuru una kazi yake. Kumwonyesha muuaji si kumsifu, lakini ukimpa yeye maneno yote matamu na marehemu ukamwacha awe maiti tu, msomaji ataona uko upande gani. Na ukichota kisa cha kweli, badilisha kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtu. Kuna mama mahali atasoma hadithi yako, na kwake hiyo si content.

Waandalizi wa tamasha nao wana deni. Butere si wageni wa vurugu hizi: mwaka 2013 mchezo wao mwingine, Shackles of Doom, pia wa Malala, ulipigwa marufuku, na Mahakama Kuu ikaufungulia njia. Miaka 12 baadaye wakapata tena agizo la korti, na safari hii halikutosha. Kama kuna mada zisizoruhusiwa jukwaani, ziandikwe mapema, pamoja na sababu, kabla ya mwanafunzi kukariri mstari wa kwanza. Wakishindwa kuziandika bila aibu, basi wawaache watoto waigize.