Kubana faili siyo kutunza, jamani!

Leo nina hasira, mnisamehe.

Juzi nilikuwa kwa mjomba, hapa hapa Gongo la Mboto. Mjomba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mwaka 1998 alinunua kompyuta iliyotumika, akajifunza QBasic ya kwenye DOS, akaandika mwenyewe mazoezi ya Hisabati kwa Kiswahili: saba mara nane ni ngapi? Ukikosa inakwambia "Jaribu tena, mwanangu." Flopi saba. Baadaye kijana mmoja anayejua kompyuta akamhamishia kwenye flashi. Kila flopi akaibana ikawa faili la .imz, eti lisichukue nafasi. Flopi zikatupwa. Hakuna aliyejaribu kwanza kama zinafunguka.

Hivi nafasi gani hiyo? Flopi nzima ya inchi 3.5 ni baiti 1,474,560. Zote saba hazifiki MB 11, yaani nyimbo mbili tatu za bongo fleva!

Nikazipeleka kwenye DOSBox, ile programu inayoigiza kompyuta za zamani. Ikagoma. Haisomi .imz, inataka nakala ghafi, baiti kwa baiti kama flopi yenyewe. Jamaa zangu wa darasani wakasema faili zimekufa, futa. Wapi! Faili la .imz ni zip tu iliyovaa jina lingine. Nikabadilisha mwisho wa jina kuwa .zip, nikafungua na 7-Zip, likatoka faili la .ima. Ukubwa: 1,474,560 kamili. Nikaandika:

imgmount a hesabu1.ima -t floppy

Drive A hiyo hapo, na QBasic imo humo humo.

Sita zilifunguka. Ya saba ilikatika wakati wa kunakiliwa, 7-Zip inasema data imeharibika. Ndiyo ile ya hesabu za sehemu, ambayo mjomba anasema ilimtesa kuliko zote. Flopi haipo, nakala haipo. Basi.

Najua mtasema, si unakili maandishi tu? Sawa, kwenye Notepad utayasoma. Lakini hayaulizi swali wala hayasahihishi. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za DOS, kwa hiyo bila cha kuigizia unabaki na karatasi.

Na sisi siyo nchi ya kuchezea vya zamani. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, kwa hiyo tulichelewa na tulivyonavyo ni vichache. Jambo OpenOffice, iliyotafsiriwa Kiswahili na mradi wa Kilinux pale Mlimani, ilitoka 2004. Nani kati yenu ana CD yake?

Walimu watarajiwa, tukifika mashuleni tutakuta makabati ya flopi na CD. Nakili kila moja ikiwa ghafi. Angalia ukubwa. Iwashe uione inafanya kazi. Weka sehemu mbili. Ukitaka kubana, bana kwa zip ya kawaida anayoweza kuifungua mtu yeyote, na ile ghafi ibaki. Ndo utupe, kama lazima utupe.

Mjomba mwenyewe hakulalamika. Alikaa akafanya mara za 8, akakosa moja makusudi ili aambiwe "Jaribu tena, mwanangu."

Naomba kutoa hoja.