Vidonge vya homoni: tuulize kwanza ni vidonge gani

Taja vidonge vya homoni mbele ya wanawake wa miaka hamsini na kitu, na papo hapo atatokea mmoja aseme: "Hivyo vinaleta saratani ya ziwa." Basi, maneno yamekwisha. Anayelowa jasho usiku kucha na AC imewaka ataendelea kulowa, na yule ambaye hasira zimempanda mpaka watoto wanamkwepa ataambiwa asome dua astahamili.

Dua siikatai. Lakini nimefundisha hesabu miaka mingi katika sekondari ya misheni, na masista pale hawakukubali jibu lisiloonyesha njia. Hili la saratani tumepokea jibu bila ya njia.

Njia yake ni hii. Julai 2002, Marekani walisimamisha sehemu moja ya utafiti mkubwa uitwao Women's Health Initiative. Wanawake 16,608, wote wana kizazi, wengine walipewa estrojeni pamoja na projestini, wengine vidonge visivyo na dawa. Ikatangazwa kuwa saratani ya matiti imezidi kwa asilimia 26. Asilimia 26 ya nini, jamani? Katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka, wasiotumia dawa waliougua ni 30, waliotumia ni 38. Wamezidi wanane. Wanane si sifuri, kila mmoja ni mama wa watu. Lakini si kwamba ukimeza kidonge umejichimbia kaburi. Tena wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, wengi hedhi imekatika zamani.

Katika utafiti huohuo walikuwemo wanawake wengine 10,739 waliokwisha kutolewa kizazi. Wao walijaribiwa estrojeni peke yake, na saratani ya matiti haikuzidi. Uchambuzi mwingine, uliotoka katika jarida la Lancet mwaka 2019, ulikuwa mkali zaidi: mwanamke akianza na miaka 50 akatumia miaka mitano, dawa mbili za kila siku zinaongeza mgonjwa mmoja katika kila wanawake 50 kabla hawajafika miaka 70, estrojeni peke yake mmoja katika kila 200. Kwa hiyo wanaosema sasa kwamba hatari hakuna kabisa nao wanakwenda mbio mno. Hatari ipo, inategemea dawa gani na kwa muda gani.

Utauliza, mbona wote wasipewe estrojeni peke yake? Kwa sababu mwenye kizazi akiitumia peke yake, ukuta wa kizazi unanenepa na unaweza kuingia saratani. Projestini inawekwa kuuzuia huo.

Hapo ndipo ninapotuogopea sisi, watu wa masanduku. Dada wa Muscat alitolewa kizazi kwa uvimbe, anapewa estrojeni, anapata nafuu, usingizi umerudi. Mdogo wake Unguja analalamika joto lilelile. Basi pakiti tatu zinaingia kwenye sanduku, kati ya halwa na vitenge, kwa mapenzi kabisa. Lakini mdogo mtu kizazi anacho! Wale wanane katika elfu kumi hawanikoseshi usingizi kama sanduku hili. Na akiona damu baada ya hedhi kukatika, atadhani ujana umerudi, kumbe ndiyo alama ya kumkimbiza kwa daktari siku hiyohiyo.

Daktari naye ana maswali yake. Una kizazi? Umewahi kuugua saratani ya ziwa? Mama au dada zako je? Damu imewahi kukuganda mguuni? Aliyewahi kuugua saratani ya ziwa kwa kawaida hapewi homoni hizi. Mwenye hatari ya damu kuganda huenda akapewa za kubandika kwenye ngozi badala ya vidonge.

Sasa nani anayajibu maswali hayo? Bibi wetu wengi Kiarabu chao ni cha salamu, na daktari ni Mhindi wa Kiingereza. Mfasiri ni mtoto wa kiume, ndiye mwenye gari. Mama atasema mbele ya mwanawe habari za kizazi chake? Atasema kichwa kinauma, atarudi na Panadol. Nyinyi vijana, gari endesheni, lakini ndani aingie naye binti yake au mkamwana, na nyinyi mkae nje.