Magunia Hupimwa, Watu Je?



Gunia la kahawa likiingia kiwandani hupimwa. Likitoka hupimwa tena, na karani huandika. Likipungua kilo mbili, kapita ataulizwa na wachukuzi watasimamishwa mstarini. Lakini mtu aliyebeba magunia hayo kwa miaka ishirini na tano, nani amempima? Siku ya kwanza aliulizwa kitambulisho, na siku ya mwisho ataulizwa kitambulisho. Katikati hapana kitu.

Tunaandika haya baada ya mikutano miwili, mmoja Gitega pamoja na wachukuzi na watu wa mashine, wa pili Muyinga pamoja na akina mama wanaochagua kahawa. Gitega tulifanya jambo ambalo wengine walilicheka. Tuliweka kiti katikati, tukashika saa, tukamwambia kila aliyetaka akae, akunje mikono kifuani, kisha ainuke na kukaa mara tano bila kujishikilia. Mchezo huu hatukuubuni sisi. Ni kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa watu wanaozeeka: asiyeweza kumaliza mara tano katika sekunde 14 apelekwe akachunguzwe zaidi. Mlinzi wa lango mwenye miaka 63 alimaliza bila kuhema. Mchukuzi wa miaka 51 alifika mara ya tatu akashika goti. Kicheko kikaisha. (Sisi wenyewe tulimaliza, lakini hatutaki kusema kwa sekunde ngapi.)

Miaka ni hesabu ya kalenda, tena kwa wengi wetu ni ya kukisia, maana karani aliandika mwaka aliouona unafaa. Mwili una hesabu yake. Shirika hilo tangu 2015 linasema kwamba uzee wenye afya hautazamwi kwa kukosa ugonjwa tu, bali kwa yale ambayo mtu bado anayaweza: kutembea, kuona, kusikia, kukumbuka, kula asikonde, na moyo usiwe mzito. Vipimo vyake vya kwanza havitaki mashine kubwa. Unatajiwa maneno matatu, baadaye unaambiwa uyarudie. Unaulizwa kama umepungua zaidi ya kilo 3 katika miezi mitatu. Mhudumu wa dispensari akifundishwa anaweza.

Tena wako waliopima wafanyakazi hasa. Huko Finland, kuanzia 1981, wataalamu waliwafuata watumishi wa manispaa zaidi ya 6,000 kwa muda wa miaka kumi na moja. Katika kazi hiyo kilitengenezwa kipimo cha maswali. Ukilinganisha na siku zako bora, nguvu yako ya kazi leo ni ngapi katika kumi? Waonaje, baada ya miaka miwili utaiweza kazi hii? Majibu hujumlishwa, chini kabisa 7, juu kabisa 49. Aliyepata 27 au chini yake, hali yake ni mbaya. Tulilolipenda sisi ni kwamba anayeulizwa ni mfanyakazi, si bwana wake.

Muyinga akina mama walitushinda kwa maneno. Mmoja alisema: "Macho yangu ndiyo yananilisha. Mkiyapima na tajiri akajua, kesho nitakaa nyumbani." Tulinyamaza, maana ni kweli. Kipimo mkononi mwa tajiri ni kisu. Na wako wenzetu wa Gitega waliosema kwa sababu hiyo afadhali tusipimwe kabisa. Hapo hatukubaliani nao. Kutopimwa hakujamwokoa mchukuzi yeyote. Anapoanguka husemwa ni uzee, au ni pombe, na maneno yanaishia hapo. Asiye na karatasi ataonyesha nini kwamba goti lake lilikuwa zima alipoingia?

Kwa hiyo tunataka kila mfanyakazi apimwe akiwa bado na nguvu, na tena kila mwaka. Karatasi ikae kwake na kwa mhudumu wa afya. Ofisi ipewe hesabu ya idara nzima bila majina. Ikiwa wachukuzi wote wa ghala moja wanaharibika magoti kabla ya miaka 50, basi mgonjwa ni ghala.

Na kazi nayo ipimwe. Pendekezo Namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la 1967, linasema uzito anaobeba mwanamume mzima ukizidi kilo 55 upunguzwe upesi. Gunia la kahawa ya kuuzwa nje ni kilo 60. Pendekezo Namba 162, la 1980, linataka zichunguzwe kazi zinazoharakisha uzee, na kazi irekebishwe imfae mfanyakazi. Mapendekezo si sheria, twajua; tajiri atatuambia hivyo kabla hatujaketi. Lakini kilo tano ni kilo tano, na mgongo hausomi sheria.

Yule mama wa Muyinga, tulipokuwa tunafunga mkutano, aliuliza tena: kabla ya kupima macho yao, kwa nini meza ya kuchagulia imewekwa mbali na dirisha? Tumeliandika kuwa la kwanza katika orodha ya Muyinga.