Vimondo vya Agosti si vyetu, tungoje Desemba

Kila mwaka ikifika tarehe 12 Agosti, simu zinajaa habari ileile: usiku huu utaona vimondo 100 kwa saa! Mimi ni mpenzi wa nyota, lakini jamani, tuambiane ukweli. Hesabu hiyo haikupigwa kwa ajili ya mtu aliye Nairobi.

Watu wa Stellafane, kituo cha jamii cha kutazama nyota huko Vermont, Marekani, wana haki ya kukesha. Mwaka 1920 Russell Porter alianza kuwafundisha wafanyakazi wa viwanda kusaga vioo vya darubini, na tangu 1926 wapenzi wa nyota hukutana pale kilimani wakati wa kiangazi. Kwao kundi la Perseus, ambako vimondo hivi huonekana kutokea, hupanda karibu na utosi kabla ya alfajiri.

Sisi je? Ile 100 ni idadi ya chanzo kikiwa utosini na anga likiwa jeusi kabisa. Kupata yako, izidishe kwa sine ya pembe ya chanzo juu ya upeo. Nairobi pembe hiyo haizidi nyuzi 31, na sine yake ni 0.5. Nusu imeshapotea, na bado hujatoa mawingu ya Agosti na taa za jiji.

Hapa nawalaumu waandishi wa programu wenzangu. Simu inajua ulipo kiasi cha kukuletea tangazo la duka la jirani, lakini inashindwa kuzidisha kwa sine! Mtoto anaamshwa saa tisa usiku, anaona vimondo vitatu, anarudi kulala akiamini anga ni la watu wengine.

Vimondo vyetu ni vya Gemini, tarehe 13 na 14 Desemba. Chanzo chake hapa hufika nyuzi 56, huanza vizuri kuanzia saa tano usiku, na shule zimefungwa. Wala havihitaji darubini. Uwanja wa shule, mikeka, taa zimezimwa, daftari la kuhesabia: hicho tayari ni kituo cha jamii.

Wewe unayejua kuandika programu, anza na mstari mmoja: zidisha kwa sine. Mwenye uwanja wenye giza naye ajitokeze. Desemba haiko mbali.