Uhuru wa Hisani Sio Uhuru: Ubeti Ulioachwa Kasulu



Leo tuweke kando kidogo mambo ya katiba na tume ya uchaguzi, tuongelee hip hop. Mkisoma hadi mwisho mtaona ni mambo yaleyale tu.

Hoja yangu ni hii: nchi hii msanii anachana kwa hisani ya mkubwa. Mkubwa akifurahi, shoo inapigwa. Akinuna, mic inazimwa. Hiyo haiwezi kuitwa haki.

Kumbukeni Machi 2017. Nay wa Mitego katoa "Wapo", akakamatwa akiwa Morogoro, BASATA wakaufungia wimbo. Haikupita muda, agizo likashuka kutoka kwa Rais Magufuli: aachiwe, wimbo upigwe. Mitaani ikawa shangwe. Mimi nikabaki najiuliza: kama jamaa kavunja sheria, kaachiwaje kwa kauli ya mtu mmoja? Na kama hajavunja, alikamatwa kwa lipi? Siku chache baadaye, Aprili 2017, Roma Mkatoliki na wenzake wakachukuliwa na watu wasiojulikana pale studio ya Tongwe Records, Dar. Walikuja kupatikana baada ya siku tatu.

Chukua na Sugu. Februari 2018, akiwa Mbunge wa Mbeya Mjini, alihukumiwa miezi mitano jela kwa maneno aliyosema dhidi ya Rais kwenye mkutano wa hadhara. Mei akatoka kwa msamaha wa Rais. Miaka minne mbele, Mei 2022, akafanya shoo ya kutimiza miaka 30 kwenye muziki, pale Serena, Dar. Mgeni rasmi? Rais Samia. Nilifurahi sana kuona picha zile, sitaki kuwa mnafiki. Lakini angalia vizuri: aliyefungwa kwa kumuudhi Rais alitoka kwa msamaha wa Rais, akaja kuheshimiwa kwa ujio wa Rais. Kila mlango ufunguo ni uleule. Na mwaka 2024 Nay akaitwa tena na BASATA, safari hii kwa "Nitasema".

Mtasema hayo ni ya Dar, Gwarama yanahusu nini? Subirini.

Huku kwetu shoo haziji. Ukitaka kumwona msanii kwa macho unamfuata. Mwaka fulani niliuza debe la maharage, nikapanda bodaboda mpaka Kakonko, gari hadi Kibondo, gari jingine hadi Kasulu, kwenda kumwona mchanaji ninayemkubali kuliko wote. Jina silitaji, asije akaitwa kujieleza kwa sababu yangu.

Alipanda saa tano usiku. Aisee, kumsikia mtu kwenye simu ni kitu kimoja, kumwona anahema mbele yako ni kingine kabisa. Besi inagonga kifuani, vumbi juu, watu ambao mchana hawasalimiani wameshikana mabega. Ikaja ile ngoma tuliyoifuata. Ubeti wa kwanza, moto. Wa pili, moto. Wa tatu ndio wenye madini: bei ya mazao, viongozi wanaokuja na vumbi la msafara na kuondoka nalo. Tukavuta pumzi. Jamaa akamgeukia DJ, akapitisha kidole shingoni, mdundo ukakatwa. "Kasulu mpooo?" Kisha akaingia kwenye wimbo wa mapenzi.

Kukawa kimya. Halafu nyuma kabisa sauti moja ikaanza ule ubeti, bila mdundo. Ikafuata ya pili. Pembeni yangu mama mmoja muuza chapati, beseni kichwani, anachana neno kwa neno. Uwanja mzima ukaumaliza ubeti. Yeye kasimama pale juu, mic kaishusha usawa wa kiuno, anatutazama. Hakutia neno.

Kwenye gari la kurudi wana walimtukana sana. Muoga, kanunuliwa, kaisha. Mimi sikubaliani nao. BASATA imeundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, enzi za chama kimoja. Kanuni za 2018 zikakazia: msanii awe na usajili, shoo iwe na kibali. Anayeishi kwa mhuri wa mtu mwingine lazima apime maneno. Mkulima wa Gwarama anayesubiri mbolea ya ruzuku analijua hilo, ndio maana kwenye mkutano wa kijiji anakohoa tu na kukaa chini. Tusimdai msanii ushujaa ambao sisi wenyewe mbele ya mtendaji hatunao.

Tudai sheria. BASATA ikuze sanaa, itafute masoko, ilinde jasho la wasanii. Kuamua kama maneno ni kosa iachiwe mahakama, kwa sheria inayosomeka na kila mtu, sio kwa simu ya usiku.

Pili, tulipie. Shoo ya elfu tano tunaruka ukuta, halafu tunashangaa msanii kahamia kwenye majukwaa ya kampeni ya watawala. Anayelishwa na mashabiki wake hana haja ya kumwogopa mgeni rasmi.

Tatu, wagombea wetu nao wabanwe. Wapo wanaoimba uhuru wa maoni leo kwa sababu wako nje. Mgombea akija kwenu na spika kubwa na wasanii wa kutuchezesha, cheza, hakuna ubaya. Ngoma ikiisha muulize mbele ya watu: ukishika madaraka, ukachanwa wewe, utafanya nini?

Asipojibu, mnyime kura, hata kama kadi yake ni rangi moja na yako.